Likizo Nyanda za Juu Kusini: Kutoka Kalenga hadi Ufuko wa Matema

Kila mwaka, miezi ya likizo inapokaribia, picha za Ulaya huanza kutuzunguka: makanisa ya kale ya Roma, madaraja ya mto Seine mjini Paris, visiwa vya Ugiriki vyenye nyumba nyeupe kando ya bahari. Mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe huzitazama, huguna, kisha hugeukia mambo mengine, maana nauli ya ndege peke yake yaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa. Basi likizo hupita nyumbani, watoto wakizunguka uani bila la kufanya, au huishia katika safari ya kijijini kwa sababu ya msiba au harusi.

Kukosa Ulaya si hasara kubwa. Hasara ni kuamini kwamba kutembea ili kuona na kujifunza ni shughuli ya wageni, na kwamba mwananchi hana la kutazama katika nchi yake. Imani hiyo haiwezi kusimama mbele ya safari moja ya Iringa na Mbeya. Huko kuna miji ya milimani, kuna historia iliyoandikwa hata katika mikataba ya mataifa makubwa, na kuna ufuko wa mchanga chini ya milima. Vyote vyafikika kwa basi, katika likizo ya siku kumi.

NJIANI

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na njia yenyewe ni somo. Baada ya Morogoro, barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi, na mara nyingi abiria huwaona twiga na pundamilia kupitia dirishani. Mbele yake ni Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mikubwa na wauza vitunguu. Kisha huja Mlima Kitonga, ambako basi hupanda polepole, kona baada ya kona, huku bonde likizidi kuzama chini. Hapo watoto wasiachwe walale.

Apendaye reli anayo njia ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo haifiki Iringa mjini, bali hupita Mlimba na Makambako hadi Mbeya. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, ndicho kilichowatoa jasho zaidi wajenzi wake. Ratiba ya treni za abiria imekuwa ikibadilika mara kwa mara, hivyo yafaa kuulizia stesheni kabla ya kufunga mizigo.

IRINGA: MJI JUU YA KILIMA

Mji wa Iringa umekaa juu, na mgeni hupanda kuuingia kutoka Ipogoro. Hewa yake ni ya baridi, na salamu ya "Kamwene" humpokea mgeni sokoni. Asubuhi moja yatosha kuliona Boma la zamani la Wajerumani, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho, na kupanda mwamba wa Gangilonga, ambao jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Kutoka juu ya mwamba huo mji wote huonekana.

Lakini safari ya Iringa haikamiliki bila Kalenga, mwendo mfupi tu nje ya mji. Ndugu msomaji, mwulize mwanao Lugalo ni nini. Mtoto wa Dar es Salaam atajibu kwamba ni kambi ya jeshi, au ni hospitali. Ni wachache watakaojua kwamba jina hilo limetoka Uhehe, mahali ambapo tarehe 17 Agosti, 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yalikishambulia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kukivunja. Zelewski mwenyewe aliuawa.

Wajerumani hawakusahau. Mwaka 1894 waliibomoa kwa mizinga ngome ya Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua mwenyewe ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Ilichukua miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu lililotoka katika makumbusho ya mji wa Bremen, nalo likawekwa Kalenga, ambako lipo hadi leo ndani ya kisanduku cha kioo.

Mtoto aliyelisoma jambo hili darasani ili ajibu mtihani huwa halisahau tena akisimama mbele ya kisanduku hicho. Mzazi naye huulizwa maswali ambayo kitabu hakikuyauliza: kwa nini walikichukua kichwa, na mifupa ya wengine iko wapi?

Kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Mbeya, ipo Isimila. Mmomonyoko umechonga humo nguzo ndefu za udongo na mchanga, na katika korongo lake zimeokotwa zana za mawe za watu walioishi miaka zaidi ya laki mbili iliyopita. Wataalamu walianza kuchimba kwa utaratibu mwaka 1957. Nguzo hizo ni dhaifu. Watoto wakatazwe kuzipanda au kuchora majina yao juu yake.

MBEYA NA RUNGWE

Barabara hupita Mafinga na Makambako hadi Mbeya, jiji lililo chini ya mlima Loleza. Mbeya yafaa kuwa kituo cha kulala, na kila siku familia iende upande mmoja na kurudi jioni.

Upande wa Tukuyu, katikati ya migomba na mashamba ya chai, kuna Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya shimo la volkano. Kulifikia hapana budi kupanda kwa miguu msituni, na mteremko ni mkali. Wenye watoto wadogo waende Daraja la Mungu, ambapo mwamba wa asili umevuka mto Kiwira. Karibu nalo ni Kijungu, mahali mto huo unapojibana na kuzama chini ya mawe. Mwenyeji akikuonyesha njia, mwambie "Ndaga", yaani asante.

Upande wa magharibi, huko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kipo Kimondo, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, chenye uzito wa takriban tani 16. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi mgeni. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani.

Kwenye uwanda wa juu ni Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iliyowekwa kwa ajili ya maua. Wakati wake ni majira ya mvua, kati ya Desemba na Aprili.

UFUKONI MATEMA

Aliyetamani pwani za Ulaya na ashuke Kyela, nchi ya mpunga na kakao, hadi Matema katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone huporomoka hadi majini, mchanga umetandaa, na maji si ya chumvi. Hata hivyo ziwa hili ni refu kwa kina, takriban mita 700 mahali pengine, nalo huchafuka kwa upepo. Waulizeni wenyeji mahali salama pa kuogelea. Jirani na hapo akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo. Kununua kimoja kwa mfinyanzi ni kumbukumbu bora kuliko picha kumi.

MAANDALIZI

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko ni kali: chukueni masweta na mablanketi ya watoto. Bebeni vitambulisho, kwa kuwa viingilio vya Watanzania ni vidogo kuliko vya wageni. Familia nne au tano za kazini pamoja zaweza kuchanga kidogo kidogo tangu Januari, wakakodi basi dogo na kugawana gharama.

Kichwa cha Mkwawa kilichukua miaka 56 kurudi kutoka Ulaya. Kutoka Dar es Salaam hadi Kalenga ni safari ya siku moja. Hakuna sababu ya mtoto wa mfanyakazi kukua bila kuifanya.