Presha Tunauliza, Choo Hatuulizi

Mtu ambaye haja kubwa humponyoka halipimi soko la Darajani kwa bei ya samaki. Hulipima kwa vyoo. Hukadiria umbali wa msikiti wa karibu, huogopa kukwama katika daladala ya Bububu, na mwisho humtuma mjukuu sokoni. Shangazi yangu aliishi hivyo. Harusini alipeleka zawadi, mwenyewe akabaki nyumbani. Ukimuuliza, hujibu: “Uzee huo, mwanangu.” Lilikuwa jibu la adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomfungia mlango.

Dini ilishamrahisishia. Mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, akajikinga awezavyo, akatia udhu wakati wa sala ukishaingia, akasali. Rehema hiyo ni ya ibada. Haisemi kwamba maradhi yenyewe hayana dawa.

Ya shangazi yalikuwa nayo. Kuharisha majimaji kusikokwisha, hata usiku, bila damu, kwa mtu aliyevuka miaka 50, hasa mwanamke, huenda ikawa kolaitisi ya hadubini. Ni ugonjwa wa kuvimba ukuta wa utumbo mpana. Daktari akipitisha kamera huenda asione kasoro: utumbo hufanana na ukuta wa Mji Mkongwe uliopakwa chokaa juzi, unyevu umo ndani. Sharti achukue vinyama vidogo vikatazamwe maabara. Kwa hadubini ndipo daktari Lindström, huko Malmö, Uswidi, mwaka 1976 alipoieleza aina yake moja, yenye utando mnene chini ya ngozi ya ndani ya utumbo.

Mara nyingine kichocheo kimo mkobani mwa mgonjwa: diklofenaki ya magoti, au omeprazo ya kiungulia. Daktari akizibadilisha, na ikibidi akaandika budesonaidi, wengi hupata nafuu katika wiki chache. Shangazi alibadilishiwa dawa ya magoti, akaanza tena kwenda harusini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mzee hafichui mbele ya watu wasiouliza. Tukishawaamkia wazee wetu, presha tunaiuliza, sukari tunaiuliza, hata usingizi. Choo tunakiruka, kana kwamba kuuliza ni kuwavunjia heshima. Binti au dada anaweza kuuliza, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ileile anayoulizia presha. Daktari hawezi kutibu alichoambiwa kuwa ni uzee.