Makaroni ya jibini yaliyonitoa jasho

Jamani, kuna siku nimelia jikoni kwa sababu ya makaroni. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Niliolewa na mwanaume mwenye mtoto. Mama wa huyo binti alifariki, akalelewa na bibi yake mzaa mama huko Dar, na mwaka jana akaletwa kwetu Nyegezi, hapa Mwanza. Ana miaka tisa. Adabu anazo: shikamoo kila asubuhi, sahani yake anaosha mwenyewe. Tatizo ni kula. Nikampikia sato, matonge mawili tu, "nimeshiba anti". Nikaenda mpaka Mwaloni kumchagulia dagaa wazuri, nikawaunga na karanga, "nimeshiba anti". Mama mkwe akaja na michembe yake kutoka Sengerema, ikawa yale yale.

Na mtaani mnapajua. Mtoto akikonda mikononi mwa mama wa kambo, hukumu inatoka kabla ya kesi.

Siku moja mume wangu, akiwa anaangalia mpira, ndo anakumbuka kuniambia: "Mama yake alikuwa anampikia makaroni ya chizi kila Jumamosi." Miezi mitatu nahangaika, mwenzangu anayo siri mfukoni!

Nikaenda supamaketi. Kipande cha cheddar cha gramu 200, kwa bei yake ningepata sato na nauli ya kurudia. Nikanunua. Oveni sina, nina jiko la gesi la plate mbili, basi.

Nikachemsha makaroni gramu 250 kwenye maji ya chumvi, nikayatoa yakiwa bado yana ugumu kidogo. Sufuria nyingine nikayeyusha siagi vijiko viwili vya chakula, nikatia unga wa ngano vijiko viwili, nikakoroga dakika moja unga usibaki mbichi. Nikamimina maziwa ya moto nusu lita, kidogo kidogo, mwiko hautulii, mpaka yakawa mazito kama uji mwepesi. Hadi hapo, safi kabisa. Kisha kwa haraka zangu nikamwaga jibini yote huku rojo linatokota. Weee! Mafuta yakajitenga juu, chini chengachenga kama maziwa yaliyokatika.

Nikakaa kwenye kigoda, machozi yakaanza. Sijui nalilia jibini, hela, au ile miezi mitatu.

Kumbe kasimama mlangoni. Akachungulia sufuria, akasema taratibu, "Mama alikuwa anazima moto kwanza."

Hiyo ndo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu aje. Nikafuta uso. "Haya mama, njoo unifundishe."

Jumamosi iliyofuata tukarudia wote wawili. Yeye akakwaruza jibini kwa kile cha kukwaruzia karoti, mimi nikapika rojo. Likiwa zito, tukazima gesi, tukasubiri kutokota kuishe, ndipo tukatia jibini konzi moja moja, inayeyuka, tunaongeza. Kwenye moto mkali jibini inakakamaa na kutema mafuta, kwenye joto la wastani inalainika yenyewe. Tukachanganya makaroni, na lilipokuwa zito mno tukalegeza na maji kidogo tuliyochemshia. Pilipili manga, basi.

Likatoka laini, linavutika mpaka kwenye uma. Akala sahani nzima. Halafu akaniambia, "Ya mama ilikuwa na chumvi zaidi." Nikamjibu, "Basi wiki ijayo chumvi utatia wewe."

Sitawadanganya kwamba sasa ananiita mama. Bado ni anti, na dagaa bado anawabagua. Ila Jumamosi akisikia nawasha gesi anakuja bila kuitwa, na huku tunakoroga ananisimulia habari za mama yake. Nami namsikiliza, sina haraka tena.

Haya, wenye watoto wa kuwakuta, nyie wenzangu mlianzia wapi?