Angalia Kona ya Picha

Kuna swali ambalo mabro huniuliza kila nikisema siku hizi naomba ruhusa kabla sijamweka mtu kwenye tovuti yangu: "Ruhusa ya nini, na alikuwa barabarani?" Hata mimi nilikuwa naongea hivyo hivyo. Hadi mwaka jana.

Kwa wale wapya, mimi ni kijana wa Kikoneni, Kwale. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikarudi nyumbani na kamera kuukuu niliyonunua kwa hela za vibarua vya Diani, nikafungua tovuti ya picha za huku kwetu. Wenyewe mnajua ukitafuta Pwani ya Kusini kwenye intaneti unapata nini: mchanga mweupe, ngamia, mzungu amelala juani. Sisi wa huku ndani, wa minazi na mikorosho, hatumo. Nikasema basi hiyo kazi ni yangu.

Siku moja nikampiga mgema akishuka mnazini, kibuyu kiunoni, jua la jioni nyuma yake. Huyo nilimwomba. Alinicheka kwanza, kisha akaniambia ningoje afunge vifungo vya shati. Picha ikatoka moto, wallahi. Nikaiweka mbele kabisa kwenye tovuti, na kufikia usiku ilikuwa imeingia magrupu yote ya WhatsApp ya kijiji.

Nisichokiona ni kona ya kushoto. Pale nyuma ni mangweni, na ameketi mzee mmoja, mrija mdomoni. Uso uko wazi kabisa, hadi mvi zinahesabika.

Mzee yule alikuwa ameiambia familia yake kwamba ameacha pombe. Na wiki hiyo hiyo, watu waliokuja kumposa binti yake walikuwa warudi kuzungumza mahari. Hawakurudi. Kama ni kwa sababu ya picha yangu, sijui. Ila mkewe hakuwa na shaka.

Alikuja kwetu asubuhi. Hakupiga kelele. Alisalimiana na mama yangu, akakaa mkekani, akanionyesha simu. "Mwanangu, hapa kila mtu alikuwa anajua. Lakini hakuna aliyekuwa amesema."

Nikajibu ujinga: "Lakini mama, pale si ni hadharani?" Mama yangu akaniita kwa majina yangu yote matatu. Nikanyamaza.

Nimelifikiria sana lile neno. Hadharani ya Kikoneni ina watu. Anayekupita mangweni anakujua, kesho mtazikana, kwa hivyo anaona na anapita. Hiyo ndiyo stara yetu. Tovuti haina stara. Anayeiona hakujui, na anayekujua sasa ana ushahidi mkononi. Mimi sikupiga picha ya kitu kilichofichwa. Nilichukua kitu ambacho watu walikubaliana kutokisema, nikakisema kwa niaba yao.

Picha niliifuta. Kwenye tovuti ilichukua sekunde tano. Kwenye simu za watu bado iko.

Baada ya hapo nikakaa nikasoma sheria, kazi ambayo ningefanya kabla. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na chini yake picha inayokutambulisha ni data yako. Kupiga picha barabarani si kosa, na wanahabari na wasanii wana nafasi yao. Lakini kutumia uso wa mtu kujitangazia biashara ni mambo mengine. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ya Uthiru ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu.

Lakini tuseme ukweli: mzee wangu asingeenda kwa kamishna yeyote. Angeanzia wapi? Mtu wa mangweni hana wakili. Mbele yake, aliyekuwa na kamera na uwezo wa kuchagua ni mimi peke yangu.

Kwa hivyo sasa nina utaratibu. Naangalia kona zote. Namwonyesha mtu picha yenyewe na namweleza itakwenda wapi, maana "nikupige?" na "nikuweke kwenye intaneti?" ni maswali mawili tofauti. Mtoto, namtafuta mzazi. Akisema hapana, ni hapana. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya mama muuza mihogo, moshi umemzunguka. Akaiangalia, akaipenda, akasema "hapana, baba." Iko kwenye kompyuta yangu na itakaa huko huko. Inauma, sidanganyi.

Yule mzee bado tunakutana. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, basi. Kamera huwa nimeshaiingiza mkobani kabla sijamfikia.

Wewe unayeposti kila siku: ni nani amekaa kwenye kona ya picha yako ya mwisho? Umeshamuuliza?