Usajili wa kishindo, kombe wanabeba wengine

Sisi watu wa Ruaha, huku kati ya Mikumi na Kidatu, Ligi Kuu tunaisikilizia redioni na kuitazama vibanda umiza. Tulichonacho wenyewe ni miwa, vumbi na ubishi. Dirisha la usajili likifunguliwa tu, vijiwe vya kahawa vinachemka kuliko birika. Eti huyu kashusha mshambuliaji wa Kongo, yule kanasa kiungo wa Ghana, na ubingwa unagawiwa palepale kwenye benchi.

Mimi wakifika hapo nawatajia Singida United. Mwaka 2017 ilipanda Ligi Kuu kwa mbwembwe: wadhamini kibao, Wazimbabwe, Mnyarwanda, na kocha Hans van der Pluijm aliyewahi kuipa Yanga ubingwa. Juni 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, ikakutana na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, mkoa wetu huuhuu wa Morogoro. Mtibwa 3, Singida 2. Mwaka 2020 Singida ikashuka daraja.

Mtibwa hao ndio waliobeba ubingwa wa Bara 1999 na 2000, Simba na Yanga wakitazama. Halafu waangalie Azam: pesa ipo, uwanja wao wenyewe Chamazi upo, lakini hadi msimu wa 2024/25 ubingwa wao ni mmoja tu, wa 2013/14.

Sisemi pesa haisaidii, jamani. Simba na Yanga hawachukui makombe kwa hirizi. Na Mtibwa nayo ilishuka mwaka 2024, kwa hiyo kuzoeana peke yake hakujazi kapu la magoli. Ila kuna kitu hakiuzwi dirishani.

Nilikiona hapahapa kwetu. Timu moja ya mtaa (jina naliacha, tunakutana sokoni) ilikodi mamluki sita kwa ajili ya kombe la mbuzi. Walishuka kwenye basi mchana wa mechi, na wote sita walizoea kucheza mbele! Beki wa siku zote, kijana mkata miwa, akawekwa benchi, jezi yake namba 5 akapewa mgeni. Kijana yule alijua kwamba golikipa wao anachelewa kutoka langoni, hivyo mpira wa juu anauwahi yeye. Mgeni angejuaje? Dakika ya kumi nikamsikia anamuuliza kipa, "Oya, kwani wewe unaitwa nani?"

Wakafungwa tatu, mbili za vichwa. Wenyeji nao walishanuna, maana wageni walilipwa nauli na posho, wao waliotoka jasho tangu makundi wakapewa maji ya kandoro.

Mwaka uliofuata yule beki alihamia mtaa wa pili. Hakudai hata senti tano. Alitaka namba 5 tu, wakampa.