Miguu ya Mwenye Kusali Katika Nchi ya Barafu

Sisi tukaao nchi za joto humimina maji miguuni wakati wa kutawadha, tukaingia msikitini bila ya kufikiri. Lakini wako ndugu zetu ambao kwao jambo hilo lataka hadhari, nao ni wale wakaao kaskazi ya mbali.

Tuutazame mji wa Inuvik, nchini Kanada, yapata kilomita 200 kaskazi ya mstari wa Aktiki. Tangu mapema Desemba mpaka mapema Januari jua halichomozi, na baridi yaweza kufika digrii 40 chini ya sifuri. Ardhi huko imeganda chini mwaka mzima, kwa hivyo nyumba hujengwa juu ya nguzo, na mabomba ya maji hupitishwa juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu. Mwaka 2010 Waislamu wa mji huo walipata msikiti. Ulijengwa Winnipeg, ukachukuliwa kwa gari na tishali mwendo wa kilomita 4,000 hivi, ukafunguliwa Novemba.

Baridi ikizidi, mwili huizuia damu isiende sana mikononi na miguuni, ili moyo na viungo vya ndani visipoe. Ndipo vidole vya miguu hufa ganzi mbele ya vinginevyo. Na mguu wenye unyevu hupoa upesi zaidi; basi atawadhaye na aufute hata katikati ya vidole kabla ya kutoka nje.

Siku hizi ziko soksi zenye waya nyembamba ndani yake, zipashwazo moto kwa betri ndogo ikaayo juu, karibu na ugoko. Moto ukiwa mdogo betri hudumu saa kadhaa. Ukiwa mkali huisha upesi. Baridi nayo huidhoofisha betri, kwa hivyo ile ya akiba huwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Je, kila udhu tuzivue? Sharia imetuwepesishia. Mtume (s.a.w.) alipaka maji juu ya khuff zake safarini, na Mughira bin Shu'ba alipotaka kumvua alimzuia, kwa kuwa alizivaa akiwa na tohara. Mkaazi ana ruhusa ya mchana mmoja na usiku wake. Msafiri, siku tatu na masiku yake. Ila katika madhehebu ya Imamu Shafi, soksi ipitishayo maji haitoshi. Basi mtu atawadhe kamili, avae soksi ya betri, kisha juu yake khuff ya ngozi ifunikayo vifundo. Buti zito atalivua mlangoni, na betri ataibadilisha juu ya khuff bila ya kuivua. Maana akiivua, ruhusa imekwisha, na miguu haina budi kuoshwa.

Wazee na wenye ugonjwa wa sukari wajihadhari, kwani mguu uliokufa ganzi huungua bila ya mwenyewe kujua. Wala mtu asilale nazo. Na kidole kikigandishwa na baridi kisisuguliwe kwa theluji wala kisisogezwe motoni. Mgonjwa apelekwe kwa tabibu upesi.

Kijana aendaye kusoma nchi hizo na ausome mlango huu wa fikihi kabla ya kufunga mizigo, na wazazi wamtilie khuff pamoja na nguo zake. Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.