Galatoni ya Mjomba

Gitaa la mjomba lilifika Dodoma kabla yangu. Alilinunua mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa karani wa reli, na nilipopata akili ya kuliangalia tayari lilikuwa na makovu yake. Rangi ya kahawia ilikuwa imechunika pale mkono wa kulia unapolala, na freti za mwanzo zilikuwa zimelika chini ya nyuzi nyembamba. Ni dogo. Ukilipakata, bega halinyanyuki, na mtoto wa miaka kumi analizungushia mkono bila taabu. Ndani ya tundu kuna karatasi ya kiwanda iliyobaki nusu, na jina bado linasomeka: Gallotone. Sisi nyumbani tuliliita galatoni, kama walivyoliita wapigaji wengi wa gitaa kavu wa rika lake.

Magitaa haya yalitengenezwa Afrika Kusini na Gallo, kampuni ileile iliyotoa santuri zenye nembo ya Gallotone. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja, Jean-Bosco Mwenda, mjini Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, na wimbo wake "Masanga" ukatoka kwa nembo hiyo. Hivyo kijana wa Katanga, wa Nairobi au wa Dodoma aliisikia sauti kwenye santuri na akalitamani gitaa, na vyote viwili vilikuwa na jina moja. Galatoni zilifika mbali zaidi ya hapo. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool, siku ambayo John Lennon alikutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika Beatles, gitaa mikononi mwa Lennon lilikuwa Gallotone Champion. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 150,000. Kwetu galatoni ilikuwa gitaa la karani, la mwalimu wa shule ya msingi, la utingo aliyedunduliza mshahara wake mpaka ukatosha.

Mjomba alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama Bosco. Gumba lilitembea na besi, kidole kikaimba juu yake. Nimelisikiliza gitaa hili maisha yangu yote, na naamini kabisa kwamba mtindo ule na umbo hili dogo vilipatana tangu mwanzo. Tumbo lake halina nafasi ya kuvumisha besi. Sauti inatoka haraka na kukatika haraka, kwa hiyo noti ya gumba inaondoka kabla haijaifunika ile ya kidole, na sikio linasikia watu wawili wakijibizana. Anayesema gitaa dogo halina sauti hajakaa nalo chumba kimoja usiku.

Kulitunza ilikuwa kazi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika huru ilisusia bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na mjomba hakuwahi kuulalamikia. Lakini galatoni mpya zikaacha kuja, na aliyekuwa nayo ikabidi aishi nayo. Bendi nazo zikahamia magitaa ya umeme, na gitaa kavu likabaki la nyumbani, la kujifunzia, la jioni. Halafu ikaja miaka ya baada ya vita vya Kagera, miaka ya foleni za sukari na sabuni, ambapo hata nyuzi za gitaa hazikuonekana.

Ndipo nilipomwona akifumua waya wa breki ya baiskeli. Waya ule umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma. Alikata kichwa chake kwa koleo, akazichambua nyuzi moja moja, akazinyoosha kwa kuzivuta kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akachagua ile isiyo na kikunjo hata kimoja. Kikunjo, alisema, ndipo utakapokatikia. Kipete cha shaba cha uzi uliokatika hakikutupwa. Alikifunga kwenye ncha ya uzi mpya na kukipachika kwenye mkia wa gitaa. Nyuzi nene hakuwa na mbadala wake, kwa hiyo zilipopoteza sauti alizifungua na kuzichemsha kwenye sufuria kuukuu. Maji yalitoka na rangi ya chai. Zikikauka vizuri zilirudi na mlio wa upya kwa siku chache, na hizo ndizo siku alizopiga zaidi.

Waya wa breki ulikuwa na sauti kali, yenye makali ya bati, na ukipanda juu ya shingo haukukaa sawa na wenzake. Mjomba alishusha gitaa zima chini ya tyuni ya kawaida ili kupunguza mvuto, na alipotaka kuimba juu zaidi alifunga kapo ya penseli kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Mjomba, usikaze hivyo," aliniambia siku aliponiachia kutyuni. "Shingo hii ni ya mbao. Ina kiasi chake."

Kiangazi cha Dodoma nacho kilikuwa na madai yake. Kuanzia Mei hewa inakauka, mbao zinasinyaa, na ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo unahisi ncha za freti zimetokeza. Alilisimamisha gitaa kwenye kona ya chumba palipokaa mtungi wa maji ya kunywa. Hakuwa na kipimo cha unyevu wala hakujua namba yoyote, lakini leo ukiwauliza mafundi wa magitaa watakuambia chumba kiwe na unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na mtungi ule ulikuwa unasogeza kona ile kuelekea hapo.

Baada ya mwaka 1985, Mzee Mwinyi alipokuwa rais na kulegeza biashara, nyuzi zilianza kuonekana Kariakoo, zikiwa kwenye pakiti zinazong'aa. Ungedhani shida imekwisha. Lakini seti nyingi zilikuwa za magitaa makubwa ya kisasa, za unene wa namba 12 na kuendelea. Gitaa kubwa lile lenye kiuno kipana lina historia yake: Martin wa Marekani walilitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, wakalipa jina la manowari ya Uingereza, Dreadnought, na leo ndilo limejaa madukani na makanisani kwetu. Kwa kuongoza kwaya ni zuri, halina mpinzani. Nyuzi zake sita zikikazwa sawasawa zinavuta kwa pamoja kwa takriban kilo 70, na ndani ya shingo yake kuna fimbo ya chuma ya kuhimili. Galatoni yetu haina fimbo hiyo. Ndugu mmoja aliyeliazima alilifunga nyuzi za namba 12 kwa nia njema, na lilipokuja mikononi mwangu, mjomba akiwa ameshatangulia mbele za haki, shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Nyuzi zilikuwa juu kiasi cha kuumiza vidole.

Nilishusha nyuzi zote na kuliacha lipumue. Shingo ilirudi kwa sehemu kubwa. Tangu hapo ninafunga seti za namba 10, na nyuzi natoa moja na kurudisha moja. Kidaraja chake hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na ukizitoa zote kwa mpigo kinahama. Kukirudisha mahali pake ni kazi ninayoipenda. Unagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, unausikia ukilia kwa sauti nyembamba ya kengele, kisha unaukandamiza palepale na kuupiga tena. Sauti ya pili ikiwa juu, kidaraja kisogezwe nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kisogezwe mbele kuelekea tundu. Unasogeza kwa unene wa ukucha, unasikiliza, unasogeza tena. Mpaka mwisho kidaraja kinakuwa kimekaa mshazari, upande wa nyuzi nene ukiwa nyuma zaidi, na mtu asiyejua atataka kukunyooshea.

Dar es Salaam, ninakoishi nalo sasa, ni kinyume cha Dodoma. Hapa unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, na jasho na chumvi ya hewa vinakula nyuzi ndani ya wiki chache. Nafuta kila uzi kwa kipande cha kanga kuukuu nikimaliza kupiga, hata kama nimepiga wimbo mmoja. Gitaa linalala kwenye boksi lake pamoja na vifuko vya silika, ambavyo navikausha vikishiba maji. Haliegemezwi ukuta unaopigwa na jua la mchana. Kinachonisaidia ni kwamba ubao wake ni wa tabaka zilizogundishwa, nyuzi za mbao za tabaka moja zikikatiza zile za tabaka jingine, kwa hiyo haupasuki ovyo. Wajuzi wa magitaa ya gharama huudharau ubao huo, na ni kweli unapunguza mlio. Ni ubao huohuo uliolivusha kiangazi cha Dodoma na masika ya Dar.

Sasa anayelipiga zaidi ni mpwa wangu. Anatyuni kwa programu ya simu, na simu inamwambia kila uzi uko sawa, kisha anakamata kodi na uso unamkunjamana. "Anko, hili gitaa lina kitu," anasema. Anasikia vizuri. Uzi wa tatu kwenye seti nilizokuwa nikiuziwa ni mtupu, ni seti za gitaa la umeme, na uzi mnene usiosokotwa ukikandamizwa karibu na kichwa cha gitaa unapanda kuliko wenzake. Nimemwonyesha kuushusha kidogo tu chini ya pale simu inapotaka, mpaka kodi itulie.

Freti za mwanzo hazivumiliki tena. Chini ya nyuzi nyembamba zimeingia vishimo na noti zinakoroma. Fundi alitaka kung'oa zote. Nimemwomba abadilishe tano tu, kwa sababu za juu hazijaguswa, na kung'oa freti ya zamani kwenye mbao kavu hung'oa na vipande vya mbao. Atazipiga tupa zile mpya hadi zilingane na ya sita. Nami nimeshapata seti ya namba 10 yenye uzi wa tatu uliosokotwa. Kiini chake ni chembamba kuliko uzi mtupu, kwa hiyo ukikandamizwa haupandi sana. Gitaa litarudi likiwa nao, na mpwa wangu ameshaomba awe wa kwanza kulikamata.