Kasuku wa Msitu wa Kakamega

Msafiri atokaye Kisumu kwenda kaskazini hufika Kakamega baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi. Karibu na mji huo uko msitu wa miti mirefu, masalio ya ule msitu mkuu ulioenea zamani kutoka Kongo. Katika Kenya, humo ndimo akaamo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Ndege huyu hutaga mayai katika mashimo ya miti mizee, na akili yake ni ya ajabu. Huko Marekani, kasuku aitwaye Alex alifunzwa na Bibi Irene Pepperberg tangu mwaka 1977 hata alipokufa mwaka 2007. Alijua maneno zaidi ya 100, akatambua rangi, akahesabu vitu mpaka 6.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na ndivyo yalivyompata kasuku. Kwa kuwa husema, watu walimtamani. Makinda yakatolewa viotoni yakauzwa, na miti yake ikakatwa. Kakamega wamebaki wachache mno. Mwaka 2016 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kasuku wa mwituni.

Basi atakaye kumfuga, kwanza na apate kibali cha Serikali. Tena ajue kwamba kasuku aweza kuishi miaka 40 na zaidi, na akiachwa peke yake tunduni hujinyonyoa manyoya kwa upweke. Asiye na nafasi ya kuzungumza naye kila siku, afadhali aende Kakamega alfajiri, atege sikio.